Greda na mashine iliyolia kama mbuzi

Baba mkwe wangu aliileta ile mashine nyumbani siku ya Jumatatu, ameikumbatia kama mtu anayemtoa mtoto hospitali. Mimi nilikuwa naanua nepi. Mama mkwe alikuwa ameenda kumpima mteja wa gauni. Aliporudi na futi yake shingoni, cherehani chake hakikuwepo uwanjani. Zilikuwepo alama nne tu za miguu ya cherehani kwenye udongo, na kando ya alama hizo alisimama mumewe, amevaa hedifoni, anatabasamu peke yake.

"Cherehani changu kiko wapi?"

"Hee?"

"Cherehani changu!"

Akavuta hedifoni upande mmoja. "Kilikuwa kizuri sana kile," akasema, kama mtu anayemzungumzia marehemu. "Kimetupatia ditekta ya dhahabu."

Alikuwa amebadilishana na Vyuma, yule mzee anayeuza vitu vilivyotumika karibu na bomba la maji. Kitu kwa kitu, na wakapeana mikono.

Mama mkwe hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alikunja futi yake taratibu, akaitia mfukoni, na kuanzia hapo hakumsemesha mumewe hata neno. Alichotaka kumwambia alikipitisha kwangu, hata wakiwa wamekaa benchi moja na viwiko vyao vinagusana.

"Mwambie baba mkwe wako chai inapoa."

"Baba, chai inapoa."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Muulize kama amesikia mbona hanywi."

Wiki tano nzima nilikuwa simu ya nyumba ile. Mume wangu ni dereva wa lori, huja mara moja kwa mwezi, na alipokuja na kuona mambo yalivyo, alisema ana safari ya haraka.

Ni vizuri nieleze huyu baba mkwe ni mtu gani. Mtaani wanamwita Greda, kwa sababu aliendesha greda la barabara miaka thelathini. Kwa miaka hiyo yote magari yalikuwa yanasimama pembeni kumpisha, ya wakubwa na ya wadogo, na jambo hilo lilimwingia mwilini. Hata leo akipita uwanjani hategemei kuku amzuie. Anaamini ardhi yote ya dunia hii ni barabara ambayo zamu yake haijafika tu. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, na injini ilikuwa imeshachukua nusu ya masikio yake. Akakaa nyumbani anabishana na redio. Halafu akasikia kwamba ng'ambo ya kijito, kwenye kilima chekundu, watu wanachimba dhahabu, na kwamba ipo mashine inayoweza kuisikia dhahabu ikiwa bado imelala chini.

Tatizo ni udongo wenyewe wa kile kilima. Ni mwekundu kama tofali, umechanganyika na vijiwe vyeusi vizito. Ukipitisha sumaku juu yake, inatoka na ndevu. Chuma kimo ndani ya udongo, na mashine inakisikia chuma hicho na kulia. Kwa hiyo kabla ya kuanza kazi inabidi uizoeshe udongo. Unatafuta mahali ambapo chini hapana kitu, unabana kitufe, unainua na kushusha ile sahani yake ya chini, unainua na kushusha, mpaka kilio kishuke. Hapo mashine inakuwa imekubali kwamba huu ndio udongo wa kawaida, na inaita tu inapokuta kitu tofauti. Ukihamia kwenye udongo mwingine, unaanza upya. Hayo nayajua sasa. Wakati ule Greda alijua nusu, na kwa Greda nusu ilikuwa inatosha na kubaki.

Mashine ilikuja na kijitabu cha lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa. Bahati nzuri kilikuwa na picha. Picha ya kwanza ilimwonyesha mtu anainua na kushusha sahani. Ya pili ilionyesha sahani, chini yake msumari, na alama kubwa ya mkasi, ile ya kukataza, juu ya msumari.

Greda aliitazama picha hiyo muda mrefu, ameishika mbali na macho.

"Hapa wanakataza kuitundika kwenye msumari," akatangaza.

Basi hakuitundika. Aliilaza kitandani, upande wa ukutani, akaifunika shuka. Mama mkwe akachukua mto wake akahamia chumbani kwangu.

"Mwambie baba mkwe wako amlalie mke wake mpya kwa uangalifu," akaniambia, "shingo yake nyembamba hiyo."

Siku ya kwanza kilimani, Greda aliizoesha mashine palepale, mbele ya wachimbaji wote. Akabana kitufe, akainua, akashusha. Basi kuna mchimbaji mmoja wanamwita Sururu, ingawa anachimba kwa mdomo kuliko kwa sururu yenyewe. Sururu akatoa kichwa shimoni.

"Greda! Hewa imejikunja mpaka unaipiga pasi?"

Wenzake wakaacha kazi.

"Mbembeleze, mzee, mbembeleze! Labda anataka kunyonya!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Greda, ambaye magari yalikuwa yanasimama kumpisha, alirudi nyumbani masikio yamekuwa mekundu kama kilima. Kuanzia kesho yake akawa anaifanya ile kazi ya kuinua na kushusha hapa nyumbani, nyuma ya ua, asubuhi, kisha ndipo anaondoka. Akachagua mahali palipokuwa na cherehani, kwa sababu pana udongo mgumu uliosawazika na mimi napafagia kila siku.

"Hakuna mahali pasafi kama hapa, mkwe wangu," akaniambia. "Hongera."

Nikafurahi. Nikazidi kufagia.

Kule kilimani mashine ikawa inalia kila hatua, na kwa masikio ya Greda sauti ilifunguliwa mpaka mwisho, hedifoni zikasikika hata kwa wapita njia. Si kilio cha hapa na pale, ni cha mbuzi aliyefungwa juani. Mtu mwingine angejiuliza. Greda alijipa jibu palepale: dhahabu imejaa kilima kizima. Akachimba. Kila jioni alirudi na ndoo ya mawe meusi, akayapanga kando ya ukuta ili ayachunguze vizuri siku nyingine. Wiki ya tatu yakafika magotini. Wiki ya tano yakafika dirishani.

"Muulize baba mkwe wako," akasema Mama, "huo ukuta wake utakuwa na mlango au tutaruka?"

Lakini Mama mkwe alikuwa na maneno makali mdomoni tu. Alikuwa anashona kwa mkono sasa, sare za shule, pindo kwa pindo, vidole vimetoboka. Cherehani kile alikuja nacho siku anaolewa. Kilimlea mume wangu kuliko greda lilivyomlea. Na kuna kitu nilikiona ambacho sikumwambia mtu: akikaa kwenye benchi na kikombe cha chai, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga. Juu, chini, juu, chini, hewani, pasipo na kitu chochote. Nadhani hata yeye hakujua.

Alhamisi moja habari zikaja kwamba Vyuma anahama. Lori lake litaondoka Jumamosi asubuhi na kila alichonacho. Mama mkwe akajifunga kanga, akaenda mwenyewe. Aliporudi aliongea nami huku Greda amekaa hatua mbili kutoka pale.

"Mwambie baba mkwe wako hivi. Vyuma amekubali kurudisha cherehani. Kitu kwa kitu, kama walivyopeana. Ila anataka mashine nzima. Amepita kilimani akaisikia, anasema yeye hanunui mbuzi mgonjwa. Jumamosi atapita hapa na lori. Ikinyamaza panapotakiwa inyamaze, na ikalia panapotakiwa ilie, atakishusha cherehani. Isipofanya hivyo, anaondoka nacho."

"Mwambie mashine haiumwi," akasema Greda. "Inalia kwa sababu kilima kimejaa."

"Mwambie kama kilima kimejaa, mbona yeye kila siku anarudi na mawe?"

Greda akafungua mdomo ajibu. Ndipo macho yake yakashuka, yakaukuta ule mguu wa kulia. Juu, chini, juu, chini. Akautazama muda. Akafunga mdomo, akanyanyuka, akaingia ndani akakaa kitandani kando ya mashine yake. Jioni alinifuata jikoni.

"Mkwe wangu, kesho nitaitengeneza."

"Utaitengenezaje, baba?"

"Nitaizoesha udongo zaidi," akasema. "Labda sikutumia nguvu."

Ijumaa asubuhi alikuwa uwanjani anainua na kushusha kama mtu anayetwanga. Jasho linamtoka. Mwanangu wa kike, ambaye babu yake humwita mchumba na bibi yake humwita mke mwenzangu, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa. Nikamweka kwenye mkeka, akautoka, akaelekea kwa babu yake, matako juu, kwa haraka zake zote. Alipofika kwenye zile alama nne, akapiga yowe.

Nikamnyanyua. Gotini alikuwa amechomwa na pini ya kushonea, ile yenye kichwa cha shanga ya bluu. Nikaitoa, nikampuliza goti, nikambusu, nikainama nione ilikotoka. Nikakwangua udongo kwa ukucha. Ikatoka pini nyingine. Nikakwangua tena, kikatoka kipande cha sindano. Nikaelewa kwamba miaka yote hii ufagio wangu haukuwa unazitoa sindano za Mama, ulikuwa unazizika.

Nikainua macho, nikaiona sahani ya Greda inapanda na kushuka juu ya palepale.

Nikaenda kuchukua kijitabu.

"Baba, samahani. Huu msumari."

"Tulishamaliza hilo. Hatuitundiki."

"Nadhani hawasemi habari za kutundika, baba. Nadhani wanasema pale unapoizoeshea pasiwe na msumari chini."

"Hapa hapana msumari. Unafagia mwenyewe."

Nikamwekea kiganjani ile pini ya shanga ya bluu, na tone la damu ya mchumba wake bado lipo. Kisha ile ya pili. Kisha kile kipande. Akavitazama kimoja kimoja.

"Kwa hiyo nimekuwa naizoesha..."

"Sindano, baba."

"Halafu naipeleka kilimani."

"Ambako udongo wenyewe ni mwingine."

"Wiki tano?"

"Wiki tano."

Kutoka mlangoni ikaja sauti ya Mama mkwe. "Mwambie baba mkwe wako kwamba cherehani changu hakiondoki hivihivi bila kuaga."

Dawa ilikuwa inajulikana sasa, ila ilikuwa chungu. Ilibidi aizoeshe kulekule kilimani, mbele ya Sururu, na arudie kila udongo ukibadilika. Nikambeba mtoto mgongoni, nikamsindikiza. Tukatafuta mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchimba wala kula wala kutupa kopo. Nikamwomba avue buti zake za kazini, zenye chuma mbele. Kisha mkanda wenye kifungo kikubwa. Mimi nikachomoa pini ya nywele. Sururu alikuwa ameshatoa kichwa.

"Jamani, sasa wanavua nguo! Mtoto mfunikeni macho!"

Greda akabana kitufe, akainua sahani, na mkono ukamgandia hewani.

"Ipigie pasi, mzee! Usiache mikunjo!"

Nikaona anataka kugeuka nyumbani, pekupeku na suruali kaishika kwa mkono mmoja.

"Baba," nikamwambia taratibu, "mimi huyu namtuliza kwenye foleni ya zahanati, watu wote wananitazama. Sijawahi kumrudisha nyumbani kwanza nikamtulizie huko."

Akashusha sahani. Akainua. Akashusha. Kilio kikawa mnung'uniko, mnung'uniko ukawa kama mbu, mbu akawa kama yuko chumba cha pili. Kwa sababu ya vile vijiwe vyeusi, akapunguza kidogo na ukali wa masikio ya mashine, alama moja tu. Kimya.

"Imekufa," akasema Greda, macho yamemtoka.

Nikatupa pini yangu ya nywele chini. Mashine ikaita, mara moja, wazi kabisa, ikanyamaza.

Tulizunguka kilima chote. Alipita juu ya mashimo yake yote ya wiki tano, moja baada ya jingine, na mashine haikusema neno. Udongo ulipogeuka kuwa wa kijivu kule chini karibu na kijito, akasimama akaizoesha upya bila kuambiwa, tena kwa madaha, kiwiko nje. Mashine ikanyamaza huko pia. Alasiri akakaa juu ya lundo la udongo wake mwenyewe, akavua hedifoni.

"Mkwe wangu. Hapa hamna kitu."

"Ndiyo, baba."

"Hamna kitu kabisa."

Akaanza kucheka, tumbo linatikisika, machozi yanamtoka, na sikujua vizuri ni ya aina gani. Sururu akasogea.

"Vipi, mzee, mbuzi amekufa?"

"Amepona," akasema Greda. Akanyanyuka, akapitisha sahani polepole kwenye shimo la Sururu, ukingo mpaka ukingo. Kimya kitupu. "Na anakusalimia. Anasema hata kwako hamna kitu."

Sururu akashuka shimoni, na safari hii akachimba kwa sururu yenyewe.

Jumamosi lori lilifika chai ikiwa bado mezani. Cherehani kilikuwa juu kabisa, kimefungwa kamba kati ya godoro na kabati. Vyuma hakuzima hata injini.

"Haya, Greda. Nionyeshe."

Greda akatafuta uwanjani mahali ambapo Mama hajawahi kukaa kushona, na hapakuwa pengine ila nyuma ya choo. Akasimama huko bila haya, pekupeku, akainua na kushusha mbele ya Vyuma, utingo wake na majirani watatu waliopita kwa bahati. Mashine ikatulia. Akavua hedifoni ili kila mtu asikie vizuri. Akaja nayo taratibu, akipita kwenye kamba ya nguo, mkeka, benchi. Kimya. Mama mkwe alisimama mlangoni na mwanangu mkononi. Macho yake hayakuwa kwenye mashine, yalikuwa juu ya lori.

Kwenye alama nne mashine ikaanza kukatikakatika, tik, tik, tik. Nikakwangua kwa kisu, nikaweka kwenye sahani ya bati: sindano, pini, sindano, kichwa cha sindano.

"Inasikia mpaka sindano!" akasema Vyuma, na utingo akainama aone.

Halafu ikatoka sauti nyingine. Hii haikukatika. Ilikuwa laini, nene, ndefu, kama mtu anayeita kwa jina. Greda akaganda. Alikuwa ameisubiri sauti hiyo wiki tano. Akanitazama mimi, akamtazama Vyuma, akakitazama cherehani juu ya lori, na nikaona wazi usoni mwake hesabu inayopigwa: kama ni yenyewe, mashine haitoki hapa. Mama naye aliiona. Alimhamisha mtoto kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Greda akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Kikaonekana kitu cha njano.

Akakitoa, akakisugua kwenye suruali, akakigeuza. Kilikuwa na tundu upande mmoja na vishimo vidogovidogo upande wa pili. Kilikuwa kastabani ya shaba, ile kofia ya kidole ya kushonea, ambayo Mama mkwe aliipoteza miaka tisa iliyopita, na kwa miaka tisa akaapa kwamba mumewe aliitupa na takataka.

Mama akanipa mtoto. Akaja, akaichukua, akaifuta, akaivaa kidoleni. Ilimkaa.

"Kumbe hukuitupa," akasema.

Kwa mazoea nikageuka nifikishe ujumbe. "Baba, Mama anasema kumbe..." Nikanyamaza. Alikuwa amemwambia mwenyewe.

"Niliapa," akasema Greda, bado yuko magotini.

"Uliapa huku unacheka. Nani angekuamini?"

"Miaka tisa umenisema mbele za watu."

"Na cherehani je? Inuka. Mpe mtu mashine yake."

Akainuka. Aliishika ile shingo nyembamba mara ya mwisho, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akampa Vyuma. Kisha akamfungulia kijitabu, akamwonyesha picha ya pili kwa kidole, na kumweleza kwa sauti kubwa maana ya msumari, kwamba watu wengi wasio na uzoefu huielewa vibaya. Mimi nilikuwa nabembeleza mtoto, sikusikia vizuri. Utingo akakishusha cherehani, Mama akamwelekeza, miguu minne ikaingia kwenye alama zake nne.

Mto wa Mama ulirudi chumbani kwake siku hiyohiyo. Mawe meusi Greda ameyatandaza mlangoni penye tope, akayasawazisha kwa reki, na anasema ndiyo barabara bora mtaani. Kazi yake mpya ni sumaku aliyoifunga kwenye mpini wa ufagio. Kila asubuhi anazunguka nayo chini ya cherehani, mbele ya mwanangu anayetambaa, na Sururu akipita na kumuuliza anafanya nini, anamjibu kwamba anapima, na yeye akapime kwake.

Jana Mama alikuwa anashona, mguu wake unakanyaga kitu cha kweli, akaniita.

"Mwambie baba mkwe..." Akasita. Akatoa pini mdomoni, akageuza shingo. "Wee Greda! Sindano imeanguka huku. Njoo kabla mke mwenzangu hajafika."

Greda akaja na sumaku yake, na kuku akampisha.